Hiari ya Kuandikiwa

Mkisikia kwamba nilifanya kazi ofisini miaka kumi na saba, ninyi vijana mnanitazama kwa heshima, kama kwamba ofisi ni kanisa. Acheni. Nilikuwa ninafukuza watu. Kuamua nani aondoke haikuwa kazi yangu, hilo lilifanywa na wenye viti vya ngozi. Mimi nilipewa jina tu, nikafungua kompyuta, nikaandika karatasi ya kumwondolea mtu kazi kwa maneno matamu hivi kwamba akiisoma adhani amepewa zawadi. "Tunakushukuru kwa mchango wako." "Tunakutakia heri katika safari yako mpya." Safari gani? Mtu anapanda treni kurudi Liverpool, hii yetu ya Australia, kuwaambia watoto wake kwamba hana kazi, na sisi tunaiita safari.

Kampuni yetu ilikuwa na nyumba kadhaa za kutunzia wazee. Ofisi kuu ilikuwa Lidcombe, ghorofa ya juu ya mojawapo ya nyumba hizo, nyuma ya karakana za magari. Jina la kampuni silitaji, si kwa sababu naliogopa, ila kwa sababu halistahili kutajwa. Nilichukuliwa katika ofisi ya HR, ile ya mambo ya wafanyakazi, kwa kuwa niliwahi kuwa karani Nakuru na Kiingereza changu cha maandishi hakikuwa na makosa. Wenye Kiingereza chao walikuwa wanakosea kila siku.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mama mmoja wa Kiaustralia, Beryl, mzee wa idara ya mishahara, mwenye kikombe cha chai ambacho nadhani hakikuoshwa tangu achukue kazi. Wiki yangu ya kwanza aliniwekea mezani mkataba wa kuachana, ile karatasi ambayo kampuni na mfanyakazi wanasaini ili kila mmoja aende zake bila kudaiana. Akaniambia niusome. Nikaanza ukurasa wa kwanza. Akanichapa mkono kwa rula, mtu mzima mimi, mama wa watoto watatu.

"Anza mwisho," alisema. "Mwanzo umeandikwa ili uwe mpole. Mwisho umeandikwa ili unyamaze."

Basi hilo la kwanza, na msiliweke kando kama mnavyoweka kando kila kitu kisicho na video. Mkipewa karatasi ya kuondoka, anzeni nyuma. Mtakuta mahali panaposema hutadai chochote tena. Mtakuta mahali panaposema hutazungumza. Kisha rudini katikati mtafute neno moja tu: umeachishwa, au umeacha? Hilo ndilo neno linalobeba nyumba nzima. Aliyeachishwa ana mlango wa kugonga. Aliyeacha mwenyewe amejifungia nje na ufunguo ameutupa.

Na jambo jingine. Kwenye karatasi hizo kampuni hupenda kuorodhesha mambo kana kwamba wanakupa sadaka: siku zako za likizo ambazo hukuzitumia, notisi yako, mshahara wako wa wiki ya mwisho. Hizo ni zako. Ungezipata hata usiposaini kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nazipanga hapo juu kabisa, kwa herufi nzito, ili mtu azione nyingi. Nilikuwa hodari. Mwanaume mmoja alinishukuru kwa machozi kwa kumpa likizo yake mwenyewe.

Beryl alistaafu mwaka mmoja kabla ya korona, na mahali pa bosi wetu akaja Leanne. Huyu Leanne nitawaeleza mumjue. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, anatabasamu hata akipiga chafya. Kila kikao alikifungua kwa kusema sisi ni familia. Mimi nina familia, naijua ilivyo, na katika familia yangu hakuna mtu aliyewahi kupewa hadi saa kumi na moja jioni kusaini kwamba si wetu tena.

Korona ilipokuja, wageni walizuiwa, wazee wakawa wanapungiwa mikono na watoto wao kupitia vioo, na kampuni ikaona huu ndio wakati wa kupunguza watu, maana nani atauliza? Kila mtu alikuwa anaogopa kufa. Walianza na jikoni. Kulikuwa na Mkongo mmoja, Papa Dezire, mtu wa Bukavu, alikuwa akiosha vyombo na kumenya viazi, na Kiingereza chake kilikuwa cha salamu na hali ya hewa. Leanne akaniita.

"Ninyi mnazungumza lugha moja," alisema. "Msaidie aelewe."

Msaidie aelewe. Nilifurahi, msinione hivi. Nilijiona mtu wa maana. Nikakaa na Papa Dezire katika chumba cha mikutano, madirisha wazi, sote na barakoa, nikamfasiria kurasa saba kwa dakika kumi. Nilimwambia kampuni inafunga jiko, inamshukuru, hizi hapa haki zake, saini hapa. Ukurasa wa tano ulisema anaacha kazi kwa hiari yake. Niliuruka. Sikuuruka kwa ubaya. Niliuruka kwa sababu kulikuwa na watu wengine wanne wakingoja nje, na Leanne alitaka wote wamalizike kabla ya chakula cha mchana.

"Mama, natia sinyatire wapi?" aliniuliza.

Nikamwonyesha kwa kidole. Hiki hapa.

Jiko halikufungwa. Walileta kampuni nyingine ya wapishi, na vijana wawili aliowafundisha Papa Dezire wakachukuliwa humo humo. Alipokwenda kwa mawakili wa bure, miezi ilikuwa imepita, na waliangalia karatasi wakamwambia: hapa umesema uliacha mwenyewe. Nilikuja kukutana naye kituo cha treni cha Quakers Hill, karibu na kwangu, amebeba mfuko wa mchele. Niliona aibu nikataka kupita upande wa pili, lakini akaniita. Nikamwambia ukweli pale pale jukwaani, kwamba kuna ukurasa sikumsomea.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Nilijua, mama," alisema. "Niliona vile unapindua mbili mbili. Nikasema huyu mama ako na haraka, nisimcheleweshe."

Treni yake ikaja akapanda. Ningependa kama angenitukana.

Mwaka uliofuata, ule wa kufungiwa, ndio uliomleta Spesiosa mezani kwangu. Mnakumbuka wenyewe. Upande wa bahari watu walikuwa wanaogelea na kunywa kahawa, na huku kwetu magharibi mwa jiji helikopta zinazunguka juu ya mapaa kana kwamba tumeiba virusi na kuvificha kabatini. Lakini wafanyakazi wa nyumba za wazee walipewa vibali watoke, kwa sababu hakuna mtu wa kule kwenye bahari aliyejitolea kuja kuosha mashuka ya mikojo.

Spesiosa ndiye aliyekuwa anayaosha. Mrundi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alikuwa na binti mmoja, wanaishi Liverpool. Alikuwa dobi wa nyumba ile ya Lidcombe kwa miaka tisa na miezi kadhaa. Siku moja bawa moja la nyumba likapata ugonjwa. Mashuka ya huko yakaletwa kwenye mifuko, na mengine mifuko imepasuka. Spesiosa akaomba gauni la kujikinga. Akaambiwa magauni ni ya wauguzi. Akaomba tena. Akaambiwa avae aproni ya jikoni. Basi akafanya kitu ambacho mimi, na Kiingereza changu kisicho na makosa, sijawahi kukifanya: alichukua daftari la matukio, lile ambalo lazima lijazwe mzee akianguka, akaandika kwa mwandiko wa shule ya kambi ya wakimbizi, "No gown. I not touch." Akatia jina lake na saa. Akakaa kwenye kiti karibu na mashine, mikono magotini, akangoja.

Gauni lililetwa baada ya muda wa saa tatu. Majuma matatu baadaye nikaletewa jina lake.

"Tunaunda upya idara ya usafi," Leanne aliniambia kwenye simu. Yeye alikuwa anafanyia kazi nyumbani. Mimi, kwa kuwa karatasi hazijichapi, nilikuwa bado naenda Lidcombe kila siku. "Tutumie karatasi ile ya kawaida. Ameacha kwa hiari. Na ongeza kipengele cha usiri, kiwe kipana."

"Madobi wengine wawili?" nikauliza.

"Wao wanabaki."

Niliandika. Kurasa tisa. Hadi leo najua kila aya ilipo. Na nilijua pia kitu ambacho Spesiosa hakukijua: katika jimbo letu, mtu aliyetumikia mwajiri mmoja zaidi ya miaka mitano akiachishwa kabla ya kufika kumi, na hakufanya kosa kubwa, anachukua fungu lake la likizo ya utumishi mrefu. Akiacha mwenyewe, kwa kawaida halipati. Yaani neno lile hiari lilikuwa linamnyamazisha kwa mkono mmoja na kumpora kwa mkono wa pili, na mimi ndiye niliyelichapa, nikahakikisha nafasi kati ya mistari iko sawa.

Tukakutana chumba kile kile. Leanne alikuwa kwenye kompyuta mezani, kwa video kutoka nyumbani, nyuma yake rafu ya vitabu vilivyopangwa kwa rangi, kwa hiyo mjue havisomwi. Spesiosa akaingia na sare yake, akakaa.

"Mwambie hii ni fursa nzuri kwake," Leanne alisema kwa tabasamu lake.

Nikamwambia Spesiosa, "Anasema ni fursa nzuri."

Spesiosa alitazama karatasi bila kuigusa. "Mama, hii karatasi inasema nini?"

Nilifungua mdomo kuanza mwanzo, kwenye shukrani na likizo. Kisha nikamkumbuka yule mtu na mfuko wake wa mchele. Nikaenda ukurasa wa sita. "Inasema umeacha kazi kwa hiari yako."

"Kwa hiari?"

"Ndivyo walivyoandika."

Leanne akakohoa kidogo kule kwenye rafu zake. Spesiosa akasema, polepole, macho kwenye meza: "Hii maneno naijua. Kule kambini Tanzania walileta karatasi kwa mama yangu. Mama hakusoma. Walimwambia ni ya mgao wa unga. Akaweka kidole. Kumbe inasema anarudi Burundi kwa hiari yake. Lori ikakuja. Tukafika kwetu, shamba iko na watu wengine. Tukarudi Tanzania kwa miguu, mimi na wadogo zangu. Mama alibaki njiani."

Nilidhani amemaliza. Akaongeza, "Na kwenye faili ya wale watu, mpaka leo, mama yangu alienda kwa hiari."

"Ameridhika?" Leanne aliuliza kwa Kiingereza.

Vijana wangu, sitadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa na miaka sitini na mbili, na mkopo wa nyumba. Lakini nilichoka. Nilichoka kuwa daraja ambalo watu wanapitishwa kwenda kutupwa. Nikashusha sauti, nikaweka uso wa mtu anayefasiri mambo ya bima.

"Nisikilize, na usitikise kichwa. Usisaini leo. Sema unaipeleka nyumbani. Hawawezi kukuzuia kutafuta ushauri. Kuna mawakili wa bure hapo Liverpool, wapigie simu kesho asubuhi. Na wakikuachisha, kuanzia siku hiyo una siku twenty-one tu za kupeleka malalamiko kwenye tume ya kazi. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Twenty-one, usizidishe."

Hapo ndipo kiburi changu cha Kikenya kiliponiponza. Miaka yote nimejivunia Kiswahili, lakini nambari hunitoka kwa Kiingereza kama nazipiga chafya. Tabasamu la Leanne likasimama.

"Twenty-one nini?" aliuliza.

"Binti yake," nikasema. "Ana miaka ishirini na moja."

Leanne akafungua faili. Binti wa Spesiosa alikuwa na miaka tisa.

Spesiosa akainuka. Alichukua zile kurasa tisa, akazikunja mara mbili, akazitia mfukoni mwa sare, akaisogelea kompyuta hadi uso wake ukajaza kioo. "I take home," alisema. "I read."

"Ofa inaisha saa kumi na moja leo jioni," Leanne akasema.

"I read," Spesiosa akarudia, akatoka.

Na hili mlijue kutoka kwa mtu aliyeziandika: ofa inayokufa saa kumi na moja jioni, kesho asubuhi huwa bado inapumua. Ile saa nilikuwa naiweka mimi. Hakuna sheria iliyoiweka. Tuliiweka kwa sababu mtu akilala huamka na akili. Mkiambiwa leo leo, pigeni picha kila ukurasa kwa simu, semeni asante, nendeni. Kama kuna kikao, ombeni kwenda na mtu wa kuwasindikiza, hata akikaa kimya, maana mwenye kutisha hapendi shahidi. Na msitume ule ujumbe wa hasira saa ile ile, "naacha kazi yenu", na vile vipicha vyenu vya moto. Mnaona mmewakomesha. Mmewaandikia karatasi yao bure.

Juma lililofuata walimpa barua ya kumwachisha, wakamwambia ile karatasi ya hiari na fedha zake bado anaweza kuisaini akitaka. Nafasi yake haihitajiki tena, walisema, wakati mashine zinalia chini ghorofa nzima inatetemeka. Siku zikaanza kuhesabika. Nilimpigia kutoka simu yangu, kamwe si ya ofisini, na hilo nalo mlishike. Siku ya tano hakuwa amefanya kitu. Siku ya kumi akaniambia mchungaji wake amemshauri asaini, amshukuru Mungu, asiwe mtu wa kesi. Nilimheshimu mchungaji kimoyomoyo kwa muda wa kama nusu dakika.

"Mchungaji wako amesoma ukurasa wa sita?" nikauliza.

"Hapana, mama. Alisema ataombea."

"Aombee. Wewe piga simu kwa wakili."

Siku ya kumi na nane simu ikalia nikiwa naosha vyombo. "Nimetuma," alisema. Alikuwa anahema kama aliyekimbia. Wakili, msichana mwenye sauti ya kuchoka, alimjazia fomu kwa simu, mkalimani kwenye laini ya pili, saa mbili nzima. Spesiosa akaniuliza kama watamfukuza nchini. Nikamwambia ana uraia, hakuna anayeweza kumfukuza kwa kudai haki yake. Akasema, "Najua. Lakini tumbo haijui."

Mimi je? Leanne aliona. Lakini angeandika nini? Kosa: alimweleza mfanyakazi sheria? Aliandika kwamba katika kipindi hiki kigumu familia inahitaji mchango wangu mahali pengine. Nikashushwa hadi mlango mkuu, nikapewa meza ya plastiki, kipima joto, chupa ya dawa ya mikono na ile karatasi yenye mraba wa vidoti ambao mgeni aliupiga picha kwa simu ili aandikishwe kuwa ameingia. Miaka kumi na saba ya ofisi, na sasa nawaelekezea watu bastola ya kupima homa kwenye paji la uso. Walidhani nitaona aibu niache mwenyewe. Kwa hiari yangu! Nilileta mto wa kukalia na thamosi.

Kikao cha usuluhishi cha tume ya kazi kilifanywa kwa simu. Sikuwepo, Spesiosa alinisimulia. Wakili wa kampuni aliongeza fedha, akaongeza tena. Msuluhishi akamuuliza Spesiosa anataka nini hasa. Alisema hataki kurudi kufanya kazi kwa watu wanaomwona mfuko wa takataka. Alitaka waandike kwamba wao ndio waliomwachisha. Alitaka fungu lake la miaka yote ile. Alitaka barua ya kazi inayosema alichokifanya na kwa muda gani, bila maneno ya sukari. Na alitaka kile kipengele cha kunyamaza kisimzuie kusema juu ya gauni kwa yeyote anayehusika na usalama. Kampuni ilisema neno "hiari" ni la kawaida tu, halina maana kubwa.

"Nikawaambia," Spesiosa alinieleza, "kama haina maana, toeni."

Wakalitoa. Iliwachukua siku mbili kulitoa neno lisilo na maana.

Msidhani alishinda kama kwenye sinema. Kazi hakuirudia. Nyumba mbili za wazee hazikumpigia baada ya kuwaambia ukweli kwa nini aliondoka. Mahali pa tatu, hospitalini, ndipo walipomchukua awe dobi. Leanne hakuadhibiwa hata kidogo, alipandishwa cheo mwaka uliofuata, bado anatabasamu. Na yule Papa Dezire hajapata kitu hadi leo. Nawaambia haya ili msije mkasema bibi alitudanganya kwamba haki iko mlangoni inangoja kufunguliwa.

Lakini nilipata siku moja, nami nitawapa.

Ilikuwa siku ya kusaini. Vizuizi vilikuwa vimelegezwa, lakini wageni walikuwa bado hawaruhusiwi kuingia ndani bila sababu, na Spesiosa, kwa mujibu wa barua ya Leanne mwenyewe, sasa alikuwa mgeni. Kwa hiyo akasimama mlangoni, mbele ya meza yangu, amevaa gauni la kanisani la kitenge na viatu vya kisigino. Nikampima homa. Alikuwa mzima. Leanne akashuka na karatasi mpya na kalamu, na upepo wa karakana ukawa unapiga, vumbi na harufu ya rangi ya gari.

"Ni kusaini tu hapa na hapa," Leanne alisema, akaweka kidole.

Spesiosa akavuta kiti cha plastiki, akakaa mezani kwangu. Akatoa miwani. Akapindua karatasi yote juu chini, akaanza ukurasa wa mwisho.

Alisoma kwa sauti, Kiingereza chake kile cha polepole, neno kwa neno, kidole chini ya mstari. Akikuta neno gumu alinitazama, nami nikamwambia maana yake kwa Kiswahili, tena kwa ukamilifu, sikuruka hata mkato. Leanne alisimama. Kiti cha mgeni kilikuwa kimoja, na kingine nimekalia mimi. Baada ya dakika kumi alihamisha uzito mguu wa pili. Baada ya dakika ishirini akaangalia simu. Familia za wazee zikawa zinapita, nawapima, tunarudi kwenye mstari wetu.

"Samahani, nina kikao," Leanne akasema.

Spesiosa hakuinua macho. "Nenda. Mimi bado nasoma." Nikamfasiria. Leanne hakwenda.

Tulifika ukurasa wa kwanza baada ya kama saa nzima. Kidole cha Spesiosa kikasimama kwenye mstari wa juu kabisa, mahali pa jina. Akakisogeza. Akakirudisha. Akaivua miwani, akamtazama Leanne kwa mara ya kwanza.

"This not me," alisema. Kisha akanigeukia. "Mama, mwambie. Jina yangu iko na 's' tatu. Hapa waliandika nne. Miaka tisa nimeosha shuka yao, hawajui kuniandika."

Nilitazama. Ni kweli, Spessiosa. Wakati huu si mimi niliyechapa.

"Ni kosa dogo la kuchapa," Leanne akasema haraka. "Unaweza kusaini, tutarekebisha baadaye."

Spesiosa alikusanya kurasa, akazigonga mezani hadi kingo zikalingana, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, kama tunavyompa mtu mkubwa kitu. Akasimama, akanyoosha kitenge chake.

"Andikeni vizuri," alisema. "Nitasaini kesho."